Kikundi cha Mtaa, Majengo Pumwani: Jumamosi ya tarehe 30 Mei

*Jumanne*

19:02 Katibu Zuhura: Asalaam aleikum, hamjambo wote. Nimeuliza tangu Ijumaa, nimepata dole gumba moja tu la Fundi Kassim. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899 na mwaka huu tarehe hiyo ni Jumamosi. Majengo tunafanya shughuli au hatufanyi?

19:04 Katibu Zuhura: Mpango wangu ni huu. Saa moja asubuhi tunaondoka stesheni ya reli, Haile Selassie, Landhies, tunaingia Pumwani Road mpaka ukumbini. Kama kilomita tatu. Wazee waletwe na gari. Tukichelewa mpaka saa tatu, soko la Gikomba limeshafurika, mikokoteni itatukata vipande viwili na watoto watapotea.

19:11 Fundi Kassim: Spika mbili zinatosha ukumbi ule. Zikae mbele ya maikrofoni, juu ya vichwa vya waliokaa. Mara ya mwisho zilipangwa nyuma ya msemaji, zikapiga kelele tangu dua mpaka shukrani. Jenereta iwe kVA 5. Na mtu asichomeke birika la umeme pale, linakula kilowati mbili peke yake, umeme utakatika katikati ya hotuba.

19:12 Abdalla: Akipanda MCA, mwakilishi wetu wa wadi, chomekeni mabirika mawili 😂

19:12 Mama Njeri: 😂😂😂

19:13 Abdalla: Matatu kama ana karatasi mkononi

19:15 Katibu Zuhura: Abdalla, tafadhali. Kazi kubwa ni barua ya polisi. OCS, mkuu wa kituo, lazima apate taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya shughuli. Yaani kati ya tarehe 16 na 27 Mei. Mapema zaidi watairudisha, baada ya hapo tumechelewa. Iandikwe jina kamili na anwani ya mwandalizi, njia yote barabara kwa barabara, saa ya kuanza na ya kumaliza, na yote yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hatuombi ruhusa, tunatoa taarifa. Twende na nakala mbili, yetu igongwe muhuri, ndiyo tutakayoshika njiani. Nataka jina la mwandalizi.

*Jumatano*

06:38 Katibu Zuhura: Watu 84 wameusoma ujumbe. Jina hakuna.

07:20 Mama Njeri: Mimi ni wa jikoni. Watu 200, mchele kilo 25, nyama kilo 15. Sufuria mbili, si moja. Ukijaza yote kwa moja, chini inaungua na juu bado ina kiini. Nani ana ile sufuria kubwa ya harusi ya kina Halima?

07:22 Abdalla: Iko kwa Halima, na Halima yuko kwa mume, na mume yuko Garissa

07:41 Shiko: Habari za asubuhi. Mimi nashughulikia picha za zamani za maonyesho yetu. Naomba mlete picha zenyewe, msipige kwa simu mkatuma hapa, kikundi kinazibana zinapoteza sura. Tunataka kuzichapa kwa ukubwa wa A3. Picha ya sentimita 10 kwa 15 naiskani kwa dipiai 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Zile ndogo za 6 kwa 9 lazima 1200, la sivyo nyuso zinakuwa ukungu. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu USIIBANDUE, inaacha uso kwenye kioo. Ilete hivyo hivyo, tutaipiga na kioo chake, taa mbili pembeni, moja kila upande. Nyuma andika kwa penseli laini, wino wa kalamu hupenya ukatokea mbele.

07:58 Mama Saida: Sileti.

07:58 Mama Saida: Albamu ya mama ilichukuliwa na wale wa maonyesho, wakasema wiki mbili. Mpaka leo. Na aliyewaleta mlangoni kwangu yuko humu kwenye kikundi.

08:03 Katibu Zuhura: Mama Saida, hilo tulishalizungumza.

08:03 Mama Saida: Mlilizungumza nyinyi.

08:15 Shiko: Mama Saida, nakuelewa kabisa. Safari hii hakuna picha inayolala nje. Naja na mashine nyumbani kwako, naiskani mbele yako, inarudi kabatini. Ukutani tunatundika nakala tu. Na daftari lipo: namba, mwenye picha, sahihi.

08:16 Mama Saida: Nitaona.

12:47 Ochieng: Samahani nimechelewa, nilikuwa kazini. Swali moja. Tunashangilia nini hasa? Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe pale Enkare Nairobi kabla ya reli, na kwa mkataba wa 1904 wakaondolewa kwenye malisho yao. 1902 tauni ilipoingia, bazaar ilichomwa moto. Tukianzia stesheni na keki, watoto watajifunza kwamba hapa palikuwa patupu.

12:49 Abdalla: Keki? Kuna keki?

12:50 Mama Njeri: Hakuna keki

12:52 Katibu Zuhura: Ochieng, hayo yote yaandikwe kwenye mabango, ndiyo maana ya maonyesho. Lakini tarehe ni tarehe. Ama unataka ile ya cheti cha Nairobi kuwa jiji, 30 Machi 1950? Hiyo imeshapita.

20:31 Bi Mwanaisha: Nimesomewa yote.

20:34 Bi Mwanaisha: Kabla ya Majengo kulikuwa na vijiji vya Maskini, Kaburini, Mji wa Mombasa, Pangani. Manispaa ilivunja kimoja kimoja, watu wakaletwa huku. Pangani ilimalizwa 1939, wenyewe wakapelekwa Shauri Moyo, hapa jirani. Hicho cheti cha 1950 alichotoa Mfalme George, kina Fred Kubai na Makhan Singh, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waliwaambia wafanyakazi wasiende kwenye sherehe. Mei ileile wakakamatwa, mji ukagoma. Mimi sitakaa kitini kushangilia reli. Mkitembea, tokeni Pangani mje Majengo, njia waliyohamishwa watu. Hapo nitakuja, hata kwa kigari.

20:36 Shiko: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

20:36 Fundi Kassim: Shikamoo Bi Mkubwa 🙏

20:40 Mama Saida: Kwa hiyo ya Pangani nitatoa picha mbili. Shiko uje wewe mwenyewe.

20:58 Katibu Zuhura: Shikamoo Bi Mwanaisha, neno lako tumelipokea. Lakini jamani muelewe: njia ikibadilika, barua inabadilika. Itabidi iende kwa OCS wa upande wa Pangani, na nakala kwa wa huku. Juja Road saa moja asubuhi matatu zimejaa, tutahitaji vijana kumi wenye fulana za kuakisi, watano mbele, watano nyuma, na mtu aipime njia kwa miguu kabla ya tarehe 16. Nani anakwenda?

21:30 Katibu Zuhura: Nani anakwenda?

*Alhamisi*

05:52 Ochieng: Mimi naipima Jumapili. Na jina langu liwekwe kwenye barua, ikiwa njia ni ya Pangani.

06:10 Katibu Zuhura: Njia bado, kamati haijakaa. Jina nimeliandika.

09:25 Mama Njeri: Na sufuria?