Nimeandikiwa "unasimulia, hujajenga hoja". Hiki kitu mtu anajifunzaje?

mgeni_chuoni:

Wakuu habari za mchana. Mimi ni mwaka wa kwanza, nasoma historia na siasa, chuo sitakitaja. Nimetoka fomu siksi mchepuo wa HGL (historia, jiografia na lugha ya Kiingereza) na historia nilipata A, nasema hivyo ili muelewe nilikotoka. Juzi tumerudishiwa esei ya kwanza. Swali lilikuwa la Kiingereza ila kwa Kiswahili ni kama hivi, "Je, Operesheni Vijiji ndiyo iliyosababisha upungufu wa chakula Tanzania miaka ya 1973 mpaka 1975?" (Operesheni Vijiji ni ule uhamishaji wa watu kwenda kuishi kwenye vijiji vya ujamaa.) Mi nikaandika kama nilivyozoea, utangulizi nikaeleza ujamaa ni nini, halafu pointi sita, kila pointi na aya yake, halafu hitimisho. Kurasa nane, sikulala siku mbili.

Nimepata 9 kati ya 20. Pembeni ya karibu kila aya kuna alama ya kuuliza kwa peni nyekundu, na mwishoni ameandika "unasimulia, hujajenga hoja. Msimamo wako ni upi?"

Sasa mimi kilichoniumiza sio maksi, ni kwamba sielewi hata kosa lenyewe. Kila nilichoandika ni kweli, nimekitoa kwenye vitabu walivyotupa wao wenyewe. Nimemuuliza mwenzangu aliyepata 15 akasema "we toa mawazo yako", lakini nikiweka mawazo yangu si wataniuliza nani kasema? Darasani tunaambiwa fikra tunduizi, fikra tunduizi (yani kufikiri kwa kina) kila wiki ila hakuna aliyetuonyesha zinafanywaje kwa mkono, yani unakaa na karatasi unaanza na nini. Naomba msaada kwa aliyepitia hii hali. Naomba kuwasilisha.

peni_nyekundu:

Mdogo wangu pole, na hongera kwa kuuliza, maana wengi wanaitupa esei kwenye begi na hawaiangalii tena. Mimi nasahihisha esei za mwaka wa kwanza mwaka wa nne sasa, na hiyo yako naiona hata bila kuiona.

Shida yako inaanzia kwenye swali lenyewe. Umeulizwa "je", wewe umejibu "eleza". Pointi sita ni jibu la "eleza matokeo ya Operesheni Vijiji". Swali la "je" linataka useme ndiyo, au hapana, au ndiyo kwa sehemu hii na hapana kwa sehemu ile, halafu kila aya ifanye kazi ya kumfanya msomaji akubaliane na hilo jibu. Aya ambayo ukiitoa jibu lako halitikisiki, hiyo aya haina kazi hata kama kila neno ndani yake ni kweli. Ndio maana zile alama za kuuliza, anakuuliza "kwa hiyo?"

Kuna Mwingereza mmoja wa falsafa, Stephen Toulmin, mwaka 1958 alitoa kitabu akaigawa hoja vipande vipande namna inavyoweza kukusaidia sasa hivi. Vitatu vya kuanzia ni dai, ushahidi, na kile kinachounganisha hivyo viwili. Watu wanasahau cha tatu. Angalia, Juma kaingia darasani kalowa chapachapa, we ukasema nje mvua inanyesha. Dai ni mvua. Ushahidi ni nguo za Juma. Kiungo, ambacho hukukisema, ni kwamba mtu akilowa hivyo kanyeshewa. Mwenzako akisema "ila bomba la pale getini limepasuka tangu asubuhi", nguo bado zimelowa, ushahidi wako uko palepale, ila kiungo kimekatika. Kufikiri kwa kina kwa sehemu kubwa ni hiyo kazi ya kukitafuta kiungo na kukijaribu kabla mwingine hajakijaribu.

Rudi kwenye esei yako. Bila shaka umeandika kitu kama "mwaka 1973 serikali iliamuru watu wote wahamie vijijini, na mwaka 1974 nchi ikaagiza chakula kingi kutoka nje". Vyote viwili kweli. Ila umeviweka jirani ukategemea msomaji aviunganishe, kwamba kilichofuata kimeletwa na kilichotangulia. Sasa bomba lako lililopasuka ni nini hapa? Ni ukame wa miaka hiyohiyo. Ni bei ya mafuta duniani iliyopanda karibu mara nne kuanzia Oktoba 1973 mpaka mapema 1974, pesa za kigeni zikaisha. Ni bei ndogo aliyokuwa analipwa mkulima akiuza mahindi yake serikalini, kwa nini alime zaidi ya chakula chake? Ukiwa na vitu vinne vimetokea pamoja huwezi kumshika mmoja ukasema ndiye mwizi. Lazima utafute sehemu ambapo vinatengana. Walihamishwa mwezi gani, wakati wa kupanda au baada ya kuvuna? Kuna waliohamia mapema zaidi, Rufiji 1968 baada ya mafuriko, Dodoma 1971, Kigoma 1972, je hao 1974 walikuwaje? Na mahali ambapo mvua ilinyesha vizuri ila watu walihamishwa? Hapo ndipo esei inapoanza, kurasa zako nane zimeishia mlangoni.

Angalia hata Ethiopia, 1973 njaa iliwapiga kule Wollo na hawakuwa na Operesheni Vijiji. Ukame peke yake unaweza.

sauti_ya_mdahalo:

Mkuu peni_nyekundu nakubaliana nawe karibu kote ila hapo kwa Ethiopia nakupinga. Wollo ni mbali sana na Shinyanga, mvua zao na zetu hazifuatani, na walikuwa na mambo yao ya umiliki wa ardhi yaliyofanya njaa iwe kubwa kuliko ukame wenyewe. Kinachoonyesha mfano wako ni kwamba njaa inaweza kutokea bila vijiji. Hauonyeshi kwamba yetu ilitokea hivyo.

Kwa kijana, mimi nafundisha sekondari na nasimamia klabu ya midahalo, nikwambie kitu kimoja ambacho kinaniuma. Sisi walimu ndio tumewafikisha hapo. Mada zetu miaka yote ni zilezile, elimu ni bora kuliko pesa, kijijini ni bora kuliko mjini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Mtoto anasimama, "mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda usiye na upendeleo", sauti inapanda, anapiga methali, watu wanashangilia, kashinda. Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja anatetea kwamba vijana wasiharakishe kuoa, akasema wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ukumbi ukalipuka. Mpinzani wake mvulana mdogo wa fomu tuu akasimama taratibu akasema wahenga haohao walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na ngojangoja huumiza matumbo, sasa tuwafuate wahenga wa siku gani? Ukumbi ukanyamaza. Nikawasimamisha palepale, nikafuta mada, tukatumia saa nzima kujadili methali inafanya kazi gani kwenye hoja. Tukakubaliana inasaidia mtu akumbuke ulichosema, ila haithibitishi kitu, maana methali ya kinyume chake ipo siku zote.

Tangu hapo nina sheria moja. Mnajiandaa upande mmoja wiki nzima, halafu dakika kumi kabla ya kuanza nawabadilisha pande. Wiki ya kwanza walilia. Sasa hivi wanajiandaa pande zote mbili wenyewe bila kuambiwa. We fanya hivyo ukiwa peke yako chumbani, chukua swali lako, andika ukurasa mmoja "ndiyo ni vijiji" halafu ukurasa mmoja "hapana ni ukame", na uandike wa pili kwa nguvu ileile kama ndio unaouamini. Utajua mwenyewe upande gani unakupa shida kuujibu.

Na hili la "nani kasema" usiliogope. Kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na nina hakika ipo kwenye orodha yenu ya kusoma, Mwalimu Nyerere anataka elimu ijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine ukakikataa kitu au ukakirekebisha kikufae. Kukataa kwa sababu, hicho ndicho unachotakiwa kufanya na hivyo vitabu walivyokupa.

binti_makunduchi:

Asalaam alaykum. Mie sikusoma historia lakini hili nimelipata madrasa kabla sijalisikia skuli, na nadhani litamfaa huyu ndugu.

Sisi huku pwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na tulipofika kwenye mambo ya udhu tulifundishwa kwamba mwanamume akigusana ngozi kwa ngozi na mwanamke asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumuoa, udhu umetenguka, hata mkewe. Nikasikia kwamba Mahanafi, watu wa madhehebu mengine, wanasema hautenguki. Nikaenda kwa maalim mbio, nikamwambia hawa wamekosea. Hakunijibu. Akaniuliza, "Dalili yao ni nini?" yaani ushahidi wao. Nikasema sijui. Akanambia basi huna haki ya kusema wamekosea, nenda kaitafute, na uje uniambie kwa namna ambayo Mhanafi mwenyewe angekusikia akasema ee, ndivyo tusemavyo.

Nikahangaika wiki mbili. Kumbe wote wanasoma aya ileile, na mgogoro uko kwenye neno moja, "kugusana". Shafi amelichukua kwa maana yake ya wazi, mkono kugusa. Mahanafi wanasema hapo makusudio ni tendo la ndoa, na wanaleta hadithi ya bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akisali usiku naye amelala mbele yake, akitaka kusujudu anamgusa mguu aukunje, na sala inaendelea. Nikarudi nikamwelezea maalim. Akanambia sasa tujibu sisi, na jibu la Mashafi ni kwamba huenda palikuwa na nguo baina ya mkono na mguu. Akanitazama akaniuliza jibu hilo limekutosha? Nikasema bado. Akacheka akasema vizuri, endelea kusoma.

Nimebaki Shafi mpaka leo. Lakini sijawahi tena kumwita mtu mjinga kwa jambo ambalo sijui dalili yake. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaandika kwamba fulani kakosea kwenye esei yako, andika kwanza hoja yake vizuri hivi kwamba yeye mwenyewe angekushukuru.

mwalimu_nakuru:

Niongeze moja tu kutoka huku Kenya. Mtaala wetu wa CBC, ule wa umilisi, umeweka kufikiri kwa kina na kutatua matatizo kati ya umilisi saba wa msingi, ni vizuri, lakini kwa wanafunzi wangu naona kikwazo kikubwa ni lugha. Mtoto akijadili kwa Kiswahili nje ya darasa utamsikia, "si lazima iwe hivyo bwana, kama ingekuwa hivyo basi mbona fulani...", hiyo ni hoja kamili, ina pingamizi na mfano. Mpe kalamu aandike kwa Kiingereza, anarudi kwa sentensi alizokariri. Mimi huwaambia waandike mpango wote wa insha kwa Kiswahili, hata kwa lugha ya nyumbani, dai na sababu na "lakini mtu anaweza kusema". Kiingereza kinakuja mwisho. Jaribu.

mgeni_chuoni:

Sijui niwashukuru vipi, nimesoma yote mara tatu. Nimekaa jana usiku nikafanya zile kurasa mbili za pande mbili, kwa Kiswahili kama mwalimu wa Nakuru alivyosema. Ule upande wa ukame niliandika haraka sana, upande wa vijiji nikakwama, ndio nikagundua kwamba sijawahi kuuliza kuhama kunapunguzaje chakula, yani hatua kwa hatua. Nikafikiria bibi yangu, yeye alihamishwa, anasimuliaga walikuta mahali hapajalimwa hata kidogo na mashamba ya zamani yakawa ni mwendo wa nusu siku kwa mguu. Sasa nimeandika aya hii, naomba mnipige:

"Operesheni Vijiji iliongeza upungufu wa chakula lakini haikuuanzisha. Wanaosema chanzo ni ukame wana hoja nzito, kwa sababu hata familia ambazo hazikuhamishwa zilikosa mavuno mwaka 1974. Hata hivyo kuhama kuliwatenga watu na mashamba yao, na aliyehamishwa wakati wa kupanda hakuwa na pa kupanda, hata mvua ingenyesha. Mwaka 1967 serikali ilisema watu wasilazimishwe kuingia vijijini, na 1973 ikaamuru. Hivyo ukame ulileta njaa na amri ikairefusha."

peni_nyekundu:

Hii ndiyo kazi niliyokuwa nataka, nimefurahi kweli. Na kwa Ethiopia mwalimu wa midahalo kanishinda, naondoa.

Sasa nikupige kama ulivyoomba. "Hata familia ambazo hazikuhamishwa zilikosa mavuno", umejuaje? Msimamo wako wote umesimama juu ya sentensi hiyo na haina ushahidi hata mmoja. Ile ya bibi ni nzuri, inaonyesha njia, ila ni kaya moja. Na sentensi ya 1967 na 1973 ni kweli, ila ile ni hoja ya haki, hapa tunajadili chakula. Ihamishe au itoe.

mgeni_chuoni:

Sina ushahidi wake, niliiandika kwa sababu ilisikika sawa. Kesho naenda maktaba kutafuta takwimu za mavuno mkoa kwa mkoa. Nitaanza na Dodoma, maana wao walishahamishwa tangu 1971, kwa hiyo wakikosa mavuno 1974 siwezi kusema ni kwa sababu walikuwa njiani mwaka huo.

peni_nyekundu:

Sawa kabisa. Ila Dodoma ni kukavu hata mwaka wa kawaida, tafuta na mkoa mmoja wenye mvua uweke pembeni yake.