Gurudumu la Pelton: valvu ikifunguliwa, nguvu inaisha

Kibosho_Juu: Wakuu, habari za jioni. Kuna mtambo mdogo wa umeme unafungwa kwenye mfongo (mfereji wa asili wa maji) huku Kibosho, Moshi. Maji yanashuka mita 40 toka tangi hadi kwenye mtambo, bomba la inchi 2, urefu mita 120. Nozeli, mdomo mwembamba unaorusha maji, ni moja, milimita 22. Gurudumu la Pelton, lenye vikombe vinavyopigwa na maji hayo, lina kipenyo cha sentimita 33. Valvu ikifungwa geji ya msukumo wa maji inasoma kilo 4 kwa sentimita ya mraba. Ikifunguliwa yote inashuka hadi 1.6 na taa zinafifia. Vikombe vina kasoro, au muundo huu wa 1880 umepitwa na wakati?

Fundi_Puli: Mkuu, vikombe usiviguse, bomba ndilo linalokula nguvu. Nozeli ya 22 kwa mita 40 inataka karibu lita 10 kwa sekunde. Kwa mtiririko huo, bomba la inchi 2 linapoteza msukumo wa zaidi ya mita 40 za mwinuko kwa kila mita 100 za bomba, kwa msuguano tu! Ndiyo maana unapata chini ya lita 7, tena zisizo na msukumo. Inchi 3 ingepoteza kama mita 7 kwa urefu wako wote, na nguvu ya maji ingetoka kilowati 1 kufika 3.

Kama hela ya bomba haipo, funga nozeli ya milimita 16. Maji yatapungua hadi lita 4.7, lakini geji itabaki karibu 2.8 na nguvu itapanda kwa kama robo. Wengi hawaamini mpaka waone.

Mekanika_Arusha: Muundo haujapitwa hata kidogo. Lester Pelton aliubuni kwenye migodi ya dhahabu ya California, na siri yake ni ule ukingo mkali katikati ya kikombe. Unagawa maji mara mbili, yanageuka na kutokea pembeni bila kugonga kikombe kinachofuata. Ukingo ukilika na mchanga, umeharibu gurudumu, kwa hiyo weka shimo la kutuliza mchanga kabla ya tangi.

Ukibadilisha nozeli, badilisha na puli (magurudumu ya mkanda). Kikombe kinatakiwa kwenda chini kidogo ya nusu ya kasi ya maji. Kwa nozeli ya 16, gurudumu lako litataka mizunguko kama 600 kwa dakika. Jenereta ya mizunguko 1,500 inahitaji puli ya 2.5 kwa 1. Chungulia chini ya gurudumu: maji yakirudi kwa nguvu upande wa nozeli, linakwenda polepole mno, yakirushwa mbele, linakimbia mno. Yanatakiwa kudondoka tu, yamechoka.

Kibosho_Juu: Shukrani wakuu. Umeme ukizidi, nifunge valvu haraka?

Fundi_Puli: Hapana! Maji yakisimamishwa ghafla yanapasua viungo vya bomba. Weka bamba lenye bawaba mbele ya nozeli, likwepeshe maji kwanza, kisha ufunge valvu taratibu. Na jenereta isiachwe bila mzigo, yaani vitu vinavyotumia umeme: gurudumu linakaribia kasi maradufu, waya za ndani zinachomoka.