Kalori hazijapita, sukari imepita: gumzo la kikundi cha familia, Jumamosi jioni

Asha 19:04
Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Nina swali, na nimelileta hapa kwa sababu linaninyima raha. Wiki ya tano sasa nahesabu kalori kwenye simu. Nimepangiwa 1,600 kwa siku. Leo nimefunga siku na 1,540, nikafurahi. Kushuka chini nakuta sukari imeandikwa kwa rangi nyekundu: gramu 77, na kikomo walichoniwekea ni 45. Wanga nao umepita. Jana ilikuwa hivyohivyo. Sasa hapo ninapungua kweli, au nahangaika bure?

Mjomba Salim 19:06
Marahaba. Wanga ndio unaotumaliza ukoo huu. Angalia mimi na sukari yangu.

Juma 19:07
Dada, acha ugali na wali kabisa. Mimi nilishuka kilo 3 kwa siku sita. Mizani haidanganyi.

Halima (Muscat) 19:08
Na tende je? Mimi huku siwezi kunywa kahawa bila tende, jamani.

Mama Mdogo Rukia 19:10
Marahaba mwanangu Asha. Hebu andika ulichokula leo chote, chai usiiache.

Asha 19:13
Asubuhi chai ya rangi vikombe viwili, kila kimoja vijiko viwili vya sukari. Mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu moja.
Mchana ugali gramu 250, dagaa, mchicha.
Saa kumi embe dodo. Nimepima nyama yake tu, gramu 250.
Usiku nimekula mapema, wali kidogo na maharage, maziwa glasi moja.

Mama Mdogo Rukia 19:18
Mbona umekula vizuri. Tuitafute hiyo 77 imetoka wapi. Embe lako limebeba gramu kama 35, maziwa kama 12, ndizi kama 14. Hapo tuna 61. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, umetia vinne, 16. Jumla 77. Simu imejumlisha sawasawa, ila imechanganya vitu viwili visivyofanana.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa sukari mwaka 2015. Linasema sukari huru isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Sukari huru ni ile ya kutia: kwenye chai, soda, keki, biskuti. Asali imo, na juisi ya matunda imo hata kama hujaitia kijiko. Sukari iliyomo ndani ya tunda unalotafuna, na ile ya asili ya maziwa, hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa kalori zako 1,600, asilimia 10 ni gramu 40, na asilimia 5 ni gramu 20. Wewe umetia 16. Embe lako lisikukoseshe usingizi.

Bibi 19:20
Asali imo? Asali ya nyuki ni dawa Rukia, babu yenu aliishi nayo.

Mama Mdogo Rukia 19:22
Kweli Mama, na kwa kikohozi mimi mwenyewe naitumia. Lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori 60 na kidogo, na mwilini inapokelewa kama sukari nyingine. Anayepunguza uzito akihamia kwenye asali ajue hajahama mbali. Sukari ya kahawia nayo ni hivyohivyo.

Asha 19:24
Mama Mdogo umesema kijiko kilichosawazishwa. Mimi najaza. Ngoja nipime.

Asha 19:27
[picha: kijiko cha chai juu ya mizani ya jikoni]
Gramu 7!! Kijiko changu ni gramu 7. Kwa hiyo vinne ni 28, siyo 16. Na mama akija kwangu ananitilia vitatu.

Mama Mdogo Rukia 19:29
Hapo sasa umepata jibu ambalo simu isingekupa. 28 bado iko chini ya 40, lakini imevuka 20. Sukari ya chai haishibishi, haina nyuzinyuzi wala protini, inapita tu. Embe unalitafuna, lina maji na nyuzinyuzi, ukimaliza moja umetosheka. Lichuje liwe juisi, utakunywa maembe matatu kwa dakika mbili na bado utauliza chakula kiko wapi. Kama kuna mahali pa kukaza, kaza kwenye glasi na kikombe.

Halima, tende ni tunda, kula. Ila kalori zake zipo, zile ndogo kila moja kalori 20 na kidogo. Hesabu kokwa kabla ya kusogeza sahani. Halua ni habari nyingine, ile ni sukari na samli.

Juma 19:31
Haya Mama Mdogo, sasa mbona mimi nilishuka kilo 3 nilipoacha wanga? Halafu nikala wali wa harusi siku moja tu, asubuhi yake nimepanda kilo na nusu. Si ushahidi huo?

Mama Mdogo Rukia 19:36
Ni maji, mwanangu. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia maji kama gramu 3. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka, mizani inashuka mbio. Ukila wali, akiba inarudi na maji yake. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700. Ili upande kilo na nusu ya mafuta kwa harusi moja, ungekula kalori zaidi ya 11,000 juu ya zile unazohitaji. Hukula hivyo, hata kama biriani ilikuwa tamu.

Ukweli ni kwamba wanga unaweza kuupunguza na ukapungua, na mafuta vilevile. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti mwaka 2018. Watu wazima 609, mwaka mzima, kundi moja likapunguza mafuta, jingine likapunguza wanga. Wastani wa kupungua ulikuwa kilo 5.3 na kilo 6.0, na watafiti wakaona tofauti hiyo si ya kuhesabika. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi na yapunguze sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa. Mimi nashikilia hilo la pamoja.

Na tusiusingizie wanga kila kitu. Chapati, andazi, chipsi: gramu ya wanga ni kalori 4, gramu ya mafuta ni 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Mnakaanga kwa mafuta, halafu lawama anapewa unga.

Juma 19:38
Nimeelewa. Lakini mwezi huu nahesabu kama Asha na sishuki hata nusu kilo. Wali napima gramu 150, simu inaniandikia kalori 195.

Mama Mdogo Rukia 19:39
Unapima mchele au wali?

Juma 19:39
Mchele, kabla sijauosha.

Mama Mdogo Rukia 19:42
Basi hapo ndipo ulipopotelea. Umepima mchele ukachagua "wali uliopikwa". Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa ni kalori 130 hivi, lakini gramu 100 za mchele mkavu ni 360 hivi. Gramu zako 150 za mchele ni kama kalori 540, na tui la nazi sijalitia. Kila sahani imekuficha kalori zaidi ya 300.

Ugali pia. Asha, wewe unafanyaje?

Asha 19:44
Napima unga kabla ya kusonga. Gramu 300 za unga ni kalori kama 1,080. Nikiepua napima ugali wote, juzi ulitoka gramu 900. Kwa hiyo kila gramu ni kalori 1.2, kipande changu cha 250 ni kalori 300.

Mama Mdogo Rukia 19:45
Hivyohivyo. Na ukipata dona pika dona. Kalori zinakaribiana na za sembe, lakini pumba haijaondolewa, nyuzinyuzi ni nyingi, unashiba kwa kipande kidogo.

Mjomba Salim 19:47
Rukia haya yote nimeyasoma. Mimi nimeshaanza tangu jana usiku, sitaki mzaha na afya yangu. Leo siku nzima sijagusa wanga. Mchana samaki na mchicha, jioni hii tango. Sindano nimechoma kama kawaida.

Mama Mdogo Rukia 19:47
Kaka umechoma insulini kipimo kilekile na hujala wanga? Unajisikiaje sasa hivi?

Mjomba Salim 19:49
Jasho kidogo. Mikono inatetemeka hata kuandika taabu. Nadhani ni mwili unazoea

Mama Mdogo Rukia 19:49
Si kuzoea. Wifi uko wapi? Mpime sukari SASA.

Mama Salma 19:52
Nilikuwa jikoni. Nimempima, 3.1. Ana baridi, uso umeloa.

Mama Mdogo Rukia 19:52
Imeshuka. Vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, koroga, anywe yote. Akiwa anajua anachofanya na anameza, mpe mwenyewe ashike glasi. Usianze na maziwa wala chapati, mafuta yanachelewesha. Akilegea asiweze kumeza usimtie chochote mdomoni, mnakwenda hospitali moja kwa moja. Nakupigia, pokea.

Mama Salma 19:55
Amekunywa

Bibi 19:56
Salim. Salim mwanangu. Ya Rabi.

Juma 19:57
Nipo njiani na gari, dakika kumi nafika.

Mama Mdogo Rukia 20:01
Niko nao kwenye simu. Anaongea vizuri. Tunasubiri zitimie dakika 15 tupime tena.

Mama Salma 20:11
4.9. Kutetemeka kumeacha. Juma amefika.

Halima (Muscat) 20:11
Alhamdulillah. Moyo ulikuwa mkononi.

Mama Mdogo Rukia 20:13
Alhamdulillah. Wifi sasa mpe chakula cha kweli, sukari ya glasi haikai. Ugali kiasi na maharage. Umpime tena kabla ya kulala na usiku wa manane uamke umuangalie.

Asha 20:15
Mjomba nisamehe. Mimi ndiye niliyeleta maneno ya wanga hapa, na siku nyingi nakutumia picha za sahani zangu.

Mama Mdogo Rukia 20:22
Hujakosa Asha. Aliyekosa ni mimi, niliyeandika marefu kuhusu kupunguza uzito bila kusema kwanza nani asiguse kitu peke yake. Naliandika sasa, na lisomwe na kila mtu.

Kipimo cha insulini kinapangwa na daktari kufuatana na chakula mtu anachokula. Ukiondoa ugali na sindano ikabaki ileile, dawa inaendelea kushusha sukari ambayo haipo. Vidonge vingine navyo vinaweza kufanya hivyo, kama glibenclamide. Mwenye kisukari anaweza kupunguza wanga, wako wanaofanya na wakafaidika sana, lakini dawa irekebishwe na daktari kabla ya sahani kubadilika. Asha hana dawa yoyote, akiacha wali leo atasikia njaa tu. Kwa Kaka ni hatari.

Na kila nyumba yenye mtu wa sindano, sukari iwe karibu na kitanda. Hata safarini, mfukoni.

Mama Salma 20:26
Nimeshaitia kwenye kikopo, nimeweka kwenye stuli ya kitandani. Jumatatu nampeleka kliniki. Nitaandika kwenye daftari anachokula na anachopima, kesho yote na Jumatatu asubuhi.

Asha 20:28
Mama Salma nikuletee mizani yangu ya jikoni uitumie hizo siku mbili. Mimi kijiko changu nimeshakijua. Kesho chai nitatia kimoja, nikisawazishe kwa kisu. Embe nitakula.

Bibi 20:31
Salim umekula?

Mjomba Salim 20:33
Nimekula, Mama.

Bibi 20:33
Umekula nini?

Mjomba Salim 20:34
Ugali.