Tupeane uzoefu: kupima namba tasa kubwa, programu inakosea wapi?

Mwalimu_Mbale: Wanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) wanapima 2147483647, yaani 2 kipeo 31 toa 1. Programu ya Java inachukua muda, kisha inasema si tasa. Mwanahisabati Euler alishathibitisha kuwa ni tasa, mwaka 1772! Mliokutana na hili, semeni.

Fundi_Arua: Angalia mzunguko (loop) unaojaribu kila kigawo i, wenye sharti i*i <= n. Kipeuo cha pili cha n ni 46340 na ushei, basi ulipaswa kusimama i ikifika 46341. Lakini 46341 mara 46341 ni 2147488281, na int, aina ya namba kamili ya Java yenye biti 32, inaishia 2147483647 hiyohiyo. Jibu linageuka hasi, -2147479015, dogo kuliko n, mzunguko unaendelea. Tena hakuna int yoyote inayoizidi n hii, kwa hiyo hausimami mpaka i iwe n yenyewe. Hapo n inagawanyika kwa n, baki 0, programu inatangaza si tasa. Andika i <= n / i, au i iwe long (aina ya biti 64) tangu mwanzo. Ukiandika (long)(i*i) umechelewa, namba imeshaharibika ndani ya mabano.

Dada_Jinja: Hilo la mabano linawaponza wengi.

Kasese_K: Acheni kugawa. Chukua 2 kipeo n-1, gawa kwa n, baki ikiwa 1 ni tasa, umemaliza.

Mzee_Gulu: Hujamaliza, ndugu yangu. 341 inapita hapo, nayo ni 11 × 31. Ukiweka 3 badala ya 2 inakamatwa, lakini 561 (3 × 11 × 17) inapita kwa kila namba isiyo na kigawo cha pamoja nayo. Tumia Miller-Rabin, kipimo kikali zaidi cha aina hiyohiyo. Kwa n chini ya 3215031751, kupima kwa 2, 3, 5 na 7 kunatosha, bila kubahatisha.

Kasese_K: 561 nakubali. Ila Miller-Rabin kwa S.5 ni mzigo, mzee. Basi bora wagawe.

Mzee_Gulu: Wagawe kwa akili! Kigawo cha namba hii lazima kiwe 62k + 1, na kikigawiwa kwa 8 kibakize 1 au 7. Yaani 248k + 1 au 248k + 63 tu. Hadi 46340 ziko 373.

Fundi_Arua: Kwa 2 kipeo p toa 1, kipimo cha Lucas-Lehmer ni bora zaidi. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawa kwa namba unayopima. Kwa 127 (p ni 7): 14, 67, 42, 111, 0. Hatua p-2, ikiishia 0 ni tasa. Namba tasa iliyotangazwa 2024, yenye p 136279841 na tarakimu 41024320, ni ya umbo hilohilo.

Dada_Jinja: Hakikisheni kwanza p ni tasa, ingawa peke yake haitoshi: 2 kipeo 11 toa 1 ni 2047, sawa na 23 × 89. Na kwa p kubwa, programu ihifadhi hatua iliyofikia kwenye diski kila dakika 10. Umeme ukikatika bila hivyo, mnarudi kwenye 4.