Mpiga gitaa akishalipwa, jina lake kwenye filamu analidai la nini?

Mleta mada, Moshi
Wadau, nauliza, ila upande wangu ninao. Miaka minne nyuma niliitwa studio moja huku Majengo kupiga gitaa kwenye muziki wa filamu. Saa tatu asubuhi mpaka giza, chai na maandazi, elfu hamsini mkononi, kwaheri. Juzi nimeiona filamu yenyewe kwa jirani. Pale mama anapotoka na begi alfajiri, vile ni vidole vyangu. Hata uzi wa tatu uliokuwa umelegea kidogo nimeusikia. Majina yakaanza kupanda: mshona nguo yumo, dereva yumo, mpishi yumo. Mimi na mwenzangu wa tumba hatumo.

Msiseme ni mambo ya Bongo tu. Lile gitaa la James Bond kwenye Dr. No ya 1962 alipiga Vic Flick, akalipwa hela ya kikao tu, na filamu haikumtaja. Kwa Wahindi, 1949, sahani ya wimbo mkubwa wa filamu ya Mahal iliandikwa "Kamini", jina la mhusika. Wasikilizaji wakaanza kuandikia redio: huyu anayeimba ni nani? Alikuwa Lata Mangeshkar.

Mwenye studio, Ngarenaro
Chalii yangu, pole, ila ulikuwa deiwaka, kibarua wa siku. Fundi akijenga nyumba haandiki jina ukutani. Melodi nimetunga mimi, nikakwambia anzia C shuka A ndogo, ukashuka. Umetunga nini hapo? Halafu orodha ya majina siandiki mimi, anaandika mhariri wa picha kule Dar, saa nane za usiku, anakimbizwa. Na wewe uliniachia jina lako kamili? Wengi nimewasevu "Besi Unga Ltd", yaani mpiga besi wa mtaa wa Unga Ltd, na "Kijana wa Kinanda".

Mwalimu wa kwaya, Kijenge
Hiyo ya fundi na ukuta siikubali. Jiwe la msingi mbona lina jina la mheshimiwa aliyekaa pale dakika kumi?

Wazee wa hapa wanaikumbuka filamu ya Hatari!, iliyopigwa picha pande za Momella. Muziki wake ni wa Henry Mancini. Huyohuyo ndiye aliyetunga ile ya Pink Panther, na aliitunga akiwa na sauti ya saksafoni ya Plas Johnson kichwani. Noti ni za Mancini, sawa, lakini ile pumzi inayonyatia kama paka ni ya Johnson. Mpe mwingine karatasi ileile uone kama paka atatembea.

Na sheria yetu ya 1999 haikuitwa ya hakimiliki peke yake, iliitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hilo neno la pili linamhusu anayepiga na anayeimba, hata kama hakutunga.

Mwenye studio, Ngarenaro
Mwalimu, nakuheshimu, ila leo mtu anataka jina, kesho atataka asilimia.

Mwalimu wa kwaya, Kijenge
Ataitaka, ndiyo. Marekani wapiga muziki wa filamu wenye mkataba wa chama wana mfuko wao tangu 1972: filamu ikiuzwa kwingine, kwenye televisheni na kadhalika, nao wanapata chao. Hollywood haijafungwa. Lakini mwanangu wa Moshi hapa hajaomba hela, ameomba mstari mmoja unaopita kwa sekunde mbili. Mnachanganya madai mawili ili mkatae yote kwa mpigo.

Mleta mada, Moshi
Shikamoo Mwalimu. Ngarenaro, hapo pa jina kamili umenipata. Sikuacha jina, sikuuliza, nilikuwa nawaza kodi ya chumba.

Ijumaa nina kikao kingine, studio ileile. Nimeandaa karatasi: jina, chombo, tarehe, sehemu ya prodyuza kusaini. Mwenzangu wa tumba anasema nikiitoa tu, siitwi tena, na yeye ataponzwa na mimi. Mliowahi kuitoa karatasi kama hiyo mbele ya prodyuza, ilikuwaje? Mliitoa kabla ya kupiga au baada?