Mti wa kutafuta umekuwa kamba: niandike AVL mwenyewe ao kuna kitu tayari mu C?

birere_kodi (Goma)
Bakubwa salamu. Niko natengeneza programu moja mu C ya butike ya hapa Birere, wanauza kwa deni kwahiyo wako na fishie ya bakiliya: namba ya simu, jina, deni, mistari karibu 50 000. Kila mustari nauingiza mu mti wa binari, namba ndogo inaenda kushoto, kubwa kuume, vile tulifundishwa. Na mistari mia mbili ilikuwa inaenda mbio, lakini na fishie yenyewe masini inapuma tu, unaweza enda kunywa chai na urudie uikute fasi ile ile. Fishie wanaitoaka mu Excel tayari imepangwa kwa namba, sijui kama ni hiyo njo inaleta shida. Nasikia kuna miti inajisawazisha yenyewe, AVL na nyekundu-nyeusi, ila nikiangalia kodi yake kichwa kinauma. Ni lazima niiandike yote ao mu C kuna kitu tayari?

fundi_katuba (Lubumbashi)
Ndiyo, ni mpangilio njo unakuua. Namba zikiingia zimeshapangwa, kila mpya ni kubwa kupita zote, inaenda kuume, kuume, kuume, kushoto hakuna kitu. Ule haiko mti tena, ni kamba. Kuingiza 50 000 namna hiyo ni kulinganisha karibu mara bilioni 1 na robo, fanya hesabu, n mara n gawa kwa mbili. Mti wa AVL wenye nodi 50 000 (nodi ni fasi moja ya mti, yenye mustari mumoja) urefu wake, toka juu mpaka chini, haupiti 22, ule wa nyekundu-nyeusi haupiti 31.

Na usiandike. Mu `search.h` kuna `tsearch` (kuingiza), `tfind` (kutafuta), `tdelete` (kutoa) na `twalk` (kutembea mu mti wote), viko tangu zamani mu POSIX, ile kanuni ya pamoja ya mifumo kama Linux. POSIX yenyewe haisemi mti lazima ujisawazishe, lakini kama uko ku Linux na glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi), ndani yake ni nyekundu-nyeusi, ku musl (maktaba ingine ya C) ni AVL. Ku masini ingine angalia kwanza, usije ukarudia kamba ile ile bila kujua.

kadutu_npe (Bukavu)
Mimi nauliza kwanza, mti wa nini? Kama unasoma fishie asubuhi na siku yote unatafuta tu, weka yote mu tablo, imeshapangwa, tafuta na `bsearch`, hatua 16 umemaliza. Haina pointa (anwani ya fasi mu memori) mbili kila nodi, haina malloc (kuomba memori) mara 50 000, na vitu viko pamoja mu memori kwahiyo mara nyingi ni mbio kupita mti. Watu wanapenda miti ju inaonekana ya akili. Mti unauchukua siku vitu vinaingia na kutoka katikati wakati huo huo unataka vibaki mu mpangilio.

birere_kodi (Goma)
Yaya, bakiliya wapya wanaingia siku yote na wengine wanatolewa wakimaliza deni, na magaribi patron anataka liste imepangwa. Njo maana nataka mti.

Nimejaribu `tsearch`, mbio inatosha sasa, aksanti fundi. Lakini nikitembea na `twalk` naona mutu mumoja tu, wa mwisho mu fishie. Kodi ni hii:

```c
struct mteja m;
while (soma(f, &m))
    tsearch(&m, &mzizi, linganisha);

int linganisha(const void *a, const void *b) {
    const struct mteja *x = a, *y = b;
    return x->namba - y->namba;
}
```

`namba` ni `uint64_t` (namba nzima ya biti 64, bila alama ya kutoa).

fundi_katuba (Lubumbashi)
`tsearch` haikopi kitu. Inachunga pointa ulimpa, basi. Na wewe kila mara unampa pointa ya `m` ile ile, kwahiyo mustari wa pili ukifika analinganisha `m` na `m`, anaona ni sawa, anakurudishia nodi ya kwanza. Mti wako uko na nodi moja, kwahiyo hata ile mbio unaifurahia haiko ya kweli, hakuna kitu kimeingia. Kila mutu apate fasi yake mu memori:

```c
struct mteja *p = malloc(sizeof *p);
*p = m;
void *r = tsearch(p, &mzizi, linganisha);
struct mteja *aliyemo = *(struct mteja **)r;
if (aliyemo != p)
    free(p); /* namba ilikuwamo tayari */
```

Angalia zile nyota mbili. Kile inarudisha haiko mteja wako, ni pointa ya fasi penye pointa ya mteja imewekwa. Ku `twalk` pia ni vile vile. Na malloc ikirudisha NULL uishike, sijaandika hapa.

kadutu_npe (Bukavu)
Na hakuna mutu ameona `linganisha`? Hiyo hesabu ya kutoa, namba moja kasoro ingine, ni mbaya kupita ile ya pointa, ju yenyewe itakunyamazia mwaka muzima. Namba zote zikianza na 243 tofauti inaingia mu `int` bila shida. Sasa uko Goma, mutu wa Gisenyi anakuja na namba ya 250, tofauti inapita bilioni 6 na `int` inabeba mwisho bilioni 2 na kitu. Inakatwa, alama inageuka, namba ya Rwanda inakuwa ndogo kuliko ya Congo. Ongeza na wa Uganda wa 256: huyu atakuwa mkubwa mbele ya namba zingine za 243 na mdogo mbele ya zingine, hapo mti haujui tena ni upande gani, `tfind` itakuambia mutu haiko na deni lake limo. Andika hivi:

```c
return (x->namba > y->namba) - (x->namba < y->namba);
```

mwanafunzi_kenya (Lubumbashi)
Naingilia kidogo. Sisi prof anataka AVL kwa mkono, `tsearch` hataki hata kuisikia. Ile kuzungusha njo sielewi.

kadutu_npe (Bukavu)
Prof wako haana makosa. AVL ni ya Adelson-Velsky na Landis, 1962, na sheria ni moja: urefu wa kushoto na wa kuume wa kila nodi usiachane kupita 1. Ukiachana, unazungusha:

```c
struct nodi *zungusha_kushoto(struct nodi *x) {
    struct nodi *y = x->kuume;
    x->kuume = y->kushoto;
    y->kushoto = x;
    pima(x);
    pima(y);
    return y;
}
```

Chora ku karatasi na 10, 20, 30, utaona 20 inapanda na 10 inashuka. `pima` inahesabu urefu upya, na x inatangulia ju sasa iko chini ya y, ukigeuza hapo urefu wote wa juu ni uongo. Ikiwa mtoto ameegemea upande wa kinyume, mfano 10, 30, 20, zungusha kwanza mtoto kuume kisha mzazi kushoto. Ku kuingiza utafanya hivyo fasi moja tu, ku kufuta inaweza kupanda mpaka ku mzizi.

birere_kodi (Goma)
Sasa naona watu wote na Gisenyi iko fasi yake. Kitu ya mwisho, kumtoa mutu ni `tdelete` kisha `free` (kurudisha memori) ya kile imerudisha?

fundi_katuba (Lubumbashi)
Hapana!! `tdelete` inarudisha mzazi wa nodi iliyotolewa, ukifanya `free` hapo unaharibu nodi ya mtu mwingine. Tafuta kwanza na `tfind`, chunga pointa ya mteja pembeni, ndiyo `tdelete`, kisha `free` ya ile ulichunga.