Mzee ana homa isiyoisha na mbuzi wanatupa mimba: nianze kumpima nani?

MamaNeema_UsaRiver

Habari zenu wana jukwaa. Niko Usa River, naomba msaada wa wanaojua mambo ya maabara, za watu na za mifugo.

Baba yangu ana miaka 71. Tangu vuli iishe homa inampanda jioni, usiku analowa jasho mpaka tunambadilishia shati, asubuhi anaamka anasema amepona na anataka kwenda kukata majani. Siku chache baadaye inarudi. Kiuno na nyonga vinamuuma, na amekonda, mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Tulikoanzia matibabu walipima malaria, hakuna. Wakapima Widal, wakasema taifodi. Akameza dawa zote akamaliza, homa ikarudi. Wakapima tena, wakasema taifodi bado ipo, wakabadilisha dawa.

Sasa linaloninyima usingizi ni hili. Tunafuga mbuzi wa maziwa, chotara wa Toggenburg. Majike watatu wametupa mimba zikiwa zimeshakuwa kubwa, mmoja baada ya mwingine. Yule wa mwisho kondo la nyuma lilikataa kutoka, baba akalivuta kwa mkono mtupu. Maziwa anayanywa yakiwa na joto la kiwele, anasema ya kuchemsha hayana nguvu. Beberu tuliazima kwa jirani. Na ukiwatazama hao mbuzi utasema hawana shida yoyote, wanakula na manyoya yanang'aa.

Nilipomtajia daktari wa zamu habari za mbuzi aliniambia tuongelee mgonjwa kwanza. Naomba kuuliza wenye ujuzi: inawezekana mzee na mbuzi wana kitu kimoja? Nianze kumpima nani, na wapi? Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano na tunakaa naye hapo hapo nyumbani.

Kijana_wa_Machame

Pole sana dada. Ng'ombe wetu alipotupa mimba, afisa mifugo wa kata alitukataza kushika chochote mpaka afike. Alichukua alichotaka kuchukua, kilichobaki tukakifukia kwenye shimo refu na chokaa juu, mbwa wasifukue. Subiri wataalamu waje, ila maziwa chemsheni kuanzia leo hii.

Mezani_Maabara_Moshi

Dada, hilo la mbuzi usiliache. Mimi ni mtu wa maabara hapa Moshi, mezani kwangu zinapita damu za watu na za mifugo, na maelezo uliyoandika hapo juu ndiyo ninayotamani kuyakuta kwenye fomu ya kipimo. Fomu nyingi zinafika zimeandikwa neno moja tu: homa.

Kutoka huku siwezi kusema mzee anaumwa nini. Ila homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, kiuno, kukonda, pamoja na mbuzi kutupa mimba za mwisho mwisho na maziwa mabichi, vyote hivyo vikikaa pamoja mtu wa maabara anawaza brusela, ugonjwa wa bakteria ambao watu huupata kwa mifugo. Jina la Brucella linatokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyemwona kimelea huyu Malta mwaka 1887 kwa askari waliokufa kwa homa. Walikaa miaka mingi hawajui inatoka wapi. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit, mtu wa Malta mwenyewe, alipima damu ya mbuzi waliokuwa wananenepa vizuri na kutoa maziwa kila siku, akakuta wanao. Jeshi lilipoacha maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa ikashuka kwa askari. Kwa hiyo manyoya ya mbuzi wako kung'aa hakuniambii lolote.

Kuhusu daktari kutotaka habari za mbuzi, naomba nikueleze kitu ninachokirudia kwa kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kwetu. Kati ya 2007 na 2008 ulifanyika utafiti hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa asilimia 60.7. Vipimo vilipofanyika kwa kina, waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Na kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, asilimia 26.2 walikuwa nayo: homa ya mkojo wa panya, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Sasa sikiliza. Hakuna hata mgonjwa mmoja kati yao ambaye ugonjwa wa namna hiyo ulikuwa umeandikwa kwenye orodha ya madaktari siku anapokelewa. Hata mmoja. Si kwamba madaktari hawakusoma, dalili zinafanana mno. Kinachotenganisha ni historia, na historia ya zizi anayo mfugaji, haimo kwenye damu.

Kwa hiyo ukirudi hospitali, na safari hii nenda ya rufaa, usiseme "baba ana homa". Sema: baba amevuta kondo la mbuzi aliyetupa mimba, anakunywa maziwa mabichi, naomba apimwe brusela. Omba mambo mawili.

La kwanza, kipimo cha Rose Bengal. Damu inachukuliwa kwenye chupa ya kofia nyekundu, isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Ikishaganda tunaizungusha kwenye mashine, juu yanabaki maji ya manjano, ndiyo seramu. Natoa tone moja naliweka kwenye kigae cheupe. Pembeni yake naweka tone la antijeni, yaani bakteria waliokwisha kuuawa na kutiwa rangi ya waridi. Hiyo antijeni inakaa kwenye friji na ikitumika ikiwa bado ya baridi haisomi vizuri, kwa hiyo naitoa mapema ikae mezani kwanza. Nachanganya kwa kijiti, kisha natikisa kigae taratibu dakika 4 kwa saa ya ukutani. Kama mwili umewahi kupambana na brusela, ile rangi inaanza kukatika kama maziwa yaliyochacha ndani ya chai, punje za waridi zinajikusanya pembeni na katikati panabaki maji. Kama hakuna, tone linabaki laini, rangi moja, mpaka mwisho. Ni kipimo rahisi na hakihitaji mtambo. Ubaya wake, kwa mtu aliyeishi na mifugo maisha yake yote kinaweza kuonyesha ugonjwa wa zamani, ndiyo maana kinafuatwa na kipimo kingine cha kuthibitisha.

La pili, kuotesha damu, na ichukuliwe kabla hajaanza antibayotiki nyingine. Hapa ndipo nasisitiza zaidi. Waambieni maabara kwa maandishi kwamba mnahisi brusela. Sababu ya kwanza, anaota polepole, na chupa nyingi za damu hufungwa baada ya siku 5 zikisomwa hazina kitu. Tukijua, tunaziacha zikae zaidi. Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Brusela ni miongoni mwa vimelea vinavyoambukiza watu wa maabara mara nyingi kuliko vingine, anaingia kwa hewa, na wachache tu wanatosha. Zamani wapimaji walikuwa na tabia ya kufunua sahani ya kuoteshea na kuinusa ili kutambua bakteria. Wengi waliugua hivyo. Sahani ya mgonjwa ninayemhisi brusela nafunga mfuniko kwa utepe wa gundi na siifungui nje ya kabati la usalama, hata kwa kuchungulia. Lakini nitajuaje kama fomu imeandikwa "homa"?

Widal kurudi chanya mara mbili kusikutishe wala kusikutulize. Ni kipimo kinachodanganya sana kwenye maeneo yetu, na kurudia ili kuona kama taifodi "imeisha" hakuna maana, kingamwili zinabaki kwenye damu muda mrefu.

Wakithibitisha, matibabu ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki 6, na akikatisha kwa sababu anajisikia vizuri inarudi. Lakini apimwe kifua kikuu kwanza. Kiuno na jasho la usiku vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za brusela ni zile zile za kifua kikuu. Ukimpa hizo peke yake mtu mwenye kifua kikuu unakificha na kukifanya kiwe sugu.

Upande wa mbuzi, Arusha mnayo maabara ya kanda ya kaskazini ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo. Afisa mifugo ndiye wa kuchukua damu na pamba ya ukeni, usichukue mwenyewe. Akitupa mwingine, kondo na kitoto viingie kwenye chombo kinachofunga kabisa, mfuko juu ya mfuko, kisanduku cha barafu, na visafirishwe siku hiyo hiyo. Si lazima iwe brusela. Mbuzi hutupa mimba kwa homa ya Q pia, kwa klamidia, na kwa Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2018 hapa pembezoni mwa mji wa Moshi watafiti waliofuatilia ng'ombe wa maziwa waliotupa mimba walikuta virusi vya Bonde la Ufa, na wakavikuta hadi kwenye maziwa ya baadhi yao. Hakuna aliyekuwa ametangaza mlipuko. Kama wasingepima, watu wangesema ni majani mabaya.

Nianze na nani, uliuliza. Wote siku moja. Na majibu ya mbuzi yakitoka, peleka nakala kwa daktari wa mzee.

Mfugaji_Monduli

Ndugu wa maabara, shikamoo kama umenizidi umri. Nimesoma yote. Huku kwetu maziwa mabichi si tabia ya mzee mmoja, ni chakula cha boma zima, watoto kwa wazee. Wanatuambia tuchemshe lakini kuni mama anazifuata mbali, na maji nayo vile vile. Tunagandisha kwenye kibuyu, yakichacha tunakunywa. Je, uchachu hauui hao wadudu? Na tukipeleka damu, majibu huwa hayarudi. Wamekuja watu wenye chupa zao, wamechukua, wameondoka na gari.

Mezani_Maabara_Moshi

Marahaba, ingawa inawezekana mimi ndiye wa kukuamkia.

Uchachu unawapunguza, lakini hautoshi kuutegemea, brusela anaweza kubaki hai kwenye maziwa yaliyoganda. Chemsha yafoke, yapoe, halafu ndiyo uyatie kwenye kibuyu. Yanaganda vizuri kabisa ukiyatilia mgando wa jana, ila na huo uwe umetoka kwenye maziwa yaliyochemshwa. Kuni zikiwa chache, anzeni na ya watoto na ya mama wajawazito, na ya mnyama yeyote aliyetupa mimba msinywe.

Kuhusu majibu, unalosema ni kweli na linaniuma. Mtu akikufungulia zizi na kukushikia mbuzi pembe wakati unamtoboa shingo, umeshakuwa na deni kwake. Sampuli ina namba, namba ina jina la boma, hakuna sababu ya kitaalamu ya jibu kutorudi. Wakija tena, kabla hawajafungua kisanduku, waulizeni nani ataleta majibu na lini, na iandikwe namba ya simu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mtafiti mkweli hatakataa. Vibali vyetu vya maadili vinatutaka tueleze hilo kabla ya kuchukua damu.

Damu za wagonjwa wa homa wa Endulen, kule Ngorongoro, ndizo zilizotuonyesha kwamba brusela anayewaambukiza watu huko ni aina ya melitensis, ambayo mwenyeji wake mkuu ni mbuzi na kondoo. Hilo lina uzito, maana watu wengi wanapanga chanjo wakiwafikiria ng'ombe peke yao. Tulilijua kwa sababu watu wa huko walikubali kutoa damu.

MamaNeema_UsaRiver

Asanteni sana, Mungu awabariki. Narudi na majibu. Rose Bengal ya baba ni chanya, damu ya kuotesha bado wameishikilia, na daktari mpya aliniuliza mwenyewe habari za mbuzi, akaandika kila kitu. Wamempima kifua kikuu, hana. Ameanza dawa. Mbuzi: wawili chanya, yule aliyetupa mimba wa mwisho ni hasi, ndiyo nimeshangaa. Afisa anasema chanya waondolewe kundini. Nimwamini huyo hasi? Na mdogo wangu?

Mezani_Maabara_Moshi

Usimwamini bado. Aliyetupa mimba karibuni damu yake inaweza kuwa haijaonyesha kitu, atengwe na apimwe tena baada ya wiki 3 hivi. Waliokutwa chanya wasiuzwe mnadani wakiwa hai, utakuwa umehamishia ugonjwa kwenye zizi la mwingine; wachinjwe chini ya usimamizi wa afisa mifugo, na mchinjaji avae glovu, asiguse kizazi na kiwele kwa mikono mitupu. Mwambieni na jirani mwenye beberu, mapema, kabla hajamwazimisha kwa wengine.

Mdogo wako apimwe wiki hii hata kama hana homa, na kwenye kliniki ya wajawazito ataje brusela kwa jina, kwa sababu wajawazito hawapewi mchanganyiko wa dawa kama wa baba. Asifagie banda wala asiguse matandiko yake. Nyote mliokunywa yale maziwa, pimeni.